Kucheza na Ndugu Aliye Mbali



Hapana shaka wengi wenu mmeziona mashine za michezo zinazofungwa kwenye televisheni. Hapa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, jioni haipiti bila kusikia vijana wakishangilia mabao ya mpira ambao haujaguswa na mguu wa mtu. Lakini ninalotaka kuwaeleza leo si wengi wanaolijua. Iko mashine ambayo ukitaka kusema na mwenzako aliye mbali huku mkicheza, haina kinywa chake yenyewe, bali huazima kinywa cha simu. Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu bali ya mama yangu. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike, ili mwenye kusikia apate faida bila kulipa.

Baba yangu mdogo anakaa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, pamoja na mkewe na mtoto wao ambaye tumelingana umri. Mtoto huyo na mimi tulikua katika ua mmoja mpaka walipohama. Likizo kubwa iliyopita, msafiri mmoja alituletea mzigo kutoka kwao. Ndani mlikuwa na mashine ya Nintendo Switch ambayo ndugu yangu alikuwa ameitumia, na simu yake ya zamani. Alikuwa ameniandikia hivi: "Jumamosi saa tisa tutacheza Mario Kart, na tutaongea kama zamani."

Jumamosi ilipofika nikawasha mashine. Mama alikuwa ameniazima simu yake ili itugawie intaneti. Mara nikaona gari la ndugu yangu limesimama karibu na langu, na jina lake juu. Furaha ilinizidi, nikamwita kwa sauti kubwa. Kimya. Nikaisogelea mashine, nikapiga kelele zaidi. Fundi mmoja wa gereji ya jirani akachungulia dirishani, akaniuliza, "Mwanangu, unamwita nani? Huyo humo ndani hana masikio." Watu wote uani wakacheka.

Fundi alisema kweli kuliko alivyodhani. Nintendo ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa katika mji wa Kyoto mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata. Mashine ya Switch ilianza kuuzwa tarehe 3 Machi 2017. Mashine nyingi za kampuni nyingine wakati huo zilikuwa na njia ya kusemezana ndani yake. Nintendo walichagua njia nyingine: mchezo uwe kwenye mashine, na sauti iwe kwenye simu, kwa programu maalumu. Programu hiyo ilitoka mwezi wa Julai 2017, siku chache kabla ya mchezo wa Splatoon 2 uliotoka tarehe 21. Mwanzoni watu waliilalamikia, maana simu ikizima kioo, au ukifungua programu nyingine, sauti ilikatika. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye mwaka uleule. Tangu Septemba 2018, kucheza na walio mbali katika michezo mingi ya mashine hii kunahitaji uanachama wa kulipia. Wetu alitulipia baba mdogo.

Sasa nieleze jinsi tulivyofanikiwa, maana mambo yenyewe yana utaratibu, na ukiruka hatua moja hupati kitu.

Kwanza, mashine na simu sharti zitumie akaunti moja. Akaunti ndiyo inayoijulisha simu kwamba mtu huyu ndiye yule anayecheza kule. Pili, sharti muwe marafiki katika mashine. Kila mchezaji ana namba yake inayoanza na herufi SW na kufuatwa na tarakimu 12. Unampa mwenzako, naye anakuomba urafiki, nawe unakubali. Tatu, mmoja wenu anafungua chumba ndani ya mchezo, yaani mahali pa kukutania, na mwingine anaingia. Chumba kikiisha kufunguliwa, programu ya simu inapata habari, nawe unabonyeza hapo ili uingie katika mazungumzo. Mimi nilikuwa nimeiacha simu ile sandukuni, nikidhani ni zawadi tu. Nilipoitoa na kufuata utaratibu huu, nilimsikia ndugu yangu akisema, "Wewe, uko wapi? Nimekwisha kukupita mara mbili!"

Jambo dogo lakini la lazima ni masikio. Mkiwa na televisheni inayonguruma magari na simu inayotoa sauti ya mtu, maikrofoni ya simu huokota yote mawili, na mwenzako husikia mwangwi wa kelele zake mwenyewe. Dawa yake ni kuvaa visikilizio vya simu katika sikio moja, na kuliacha sikio la pili lisikilize mchezo, tena televisheni iwe ya sauti ya chini.

Basi tukisha kujua kwamba mchezo unapita njia yake na sauti njia yake, tunaweza kujua pia palipo na ugonjwa. Magari yakirukaruka na kupotea lakini sauti ni safi, tazama mashine: labda iko mbali mno na kifaa kinachotoa intaneti, au ukuta umeizuia. Sauti ikikatikakatika lakini magari yanakwenda vizuri, tazama simu. Vyote viwili vikiharibika pamoja, ugonjwa uko kwenye intaneti yenyewe inayovilisha vyote viwili, na kuizima mashine na kuiwasha hakutakusaidia.

Tena tusisahau umbali. Kutoka Bujumbura mpaka Brussels ni kama kilomita 6,500 kwa mstari ulionyooka. Nuru ndani ya nyuzi za kioo zinazobeba intaneti huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Gawanya, utaona kwamba kwenda tu ni sehemu 3 za mia za sekunde, na kwenda na kurudi ni zaidi ya sehemu 6. Lakini nyuzi hazikunyooka. Nchi yetu haina bahari, kwa hiyo habari zetu hupita kwanza katika nchi za jirani mpaka pwani, kama vile Dar es Salaam, zinakotua nyaya za chini ya bahari: SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy iliyoanza mwaka 2010. Nyaya hizo mbili zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, nchi nyingi za Afrika Mashariki ziliona intaneti ikizorota. Kwa hiyo ukimwona mwenzako anapinda kona ambayo umekwisha kuiona ikipita, usimwite mzembe. Unachokiona ni habari ya nyuma kidogo.

Sasa nije kwenye hasara niliyoitaja.

Mama yangu anauza vitenge katika soko la Ruvumera. Wateja wake wengine hawakai mjini. Mmoja wao yuko Rumonge, naye hutazama vitenge kwa picha anazopelekewa na mama kwa simu, kisha huagiza. Kwa kazi hiyo mama hununua kifurushi cha intaneti cha mwezi mzima, na hukitumia kwa kipimo. Ijumaa moja usiku niliiomba simu yake tena, nikacheza na ndugu yangu kama saa moja. Tulipoagana, nikabonyeza kitufe mashine ikalala, nami nikalala. Simu ya mama niliiacha palepale ikiendelea kugawa intaneti.

Asubuhi mama alipiga picha za vitenge vipya ili azipeleke Rumonge. Hazikwenda. Kifurushi cha mwezi kilikuwa kimekwisha, na mwezi ulikuwa haujafika nusu. Alipopata fedha za kununua kingine, ilikuwa alasiri, na mteja alikuwa amekwisha kununua kwa mtu mwingine.

Mama hakunipiga wala hakunikaripia. Aliniambia tu, "Mwanangu, hebu nionyeshe ulichokinunua kwa fedha yangu."

Sikuwa na jibu. Nilisema ni mchezo. Lakini neno lake halikuniacha, nikaona ni wajibu wangu kujua hasa fedha yake ilikwenda wapi. Nikatazama hesabu katika simu, kisha nikapekua mipangilio ya mashine. Nikagundua kwamba sikuwa nimesema kweli: mchezo haukula kifurushi, na mazungumzo hayakukila. Kilicholiwa kililiwa tulipokuwa tumelala. Switch ikilala haikati intaneti. Iko hali ya kujiletea yenyewe masasisho, yaani nyongeza na marekebisho ya michezo, bila kukuuliza. Usiku ule ilikuwa imejiletea mzigo mkubwa.

Tufanye hesabu pamoja, kama darasani. Chukueni mfano kwamba sauti ya mtu inatumia kilobiti 40 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hiyo ni kilobiti 144,000. Baiti moja ni biti 8; gawanya, unapata megabaiti 18. Ukihesabu sauti yako na ya mwenzako, ni megabaiti 36 kwa saa. Sasa sasisho moja likiwa na gigabaiti 2, yaani megabaiti 2,000, ni sawa na mazungumzo ya saa 55. Mtu akicheza saa moja kila Jumamosi, hiyo ni zaidi ya mwaka mzima wa kuongea. Mashine inaweza kuimaliza kwa usiku mmoja, na hakuna hata neno moja lililosemwa.

Nilimwonyesha mama hesabu hii. Akaitazama, akasema, "Kumbe si maneno yenu yaliyonifilisi, ni usingizi wako." Likizo iliyobaki nilifanya kazi ya kuosha vyuma katika gereji ile ya jirani mpaka nikamlipa kifurushi chake. Mteja wa Rumonge sikuweza kumlipa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaachia mashauri haya. Kwanza, ingieni katika mipangilio ya mashine mkafunge kujisasisha kwenyewe. Sasisho likihitajika, lileteni mahali penye intaneti isiyopimwa, kwa idhini ya mwenyewe. Pili, mkimaliza kucheza, zimeni ugawaji wa intaneti katika simu kabla ya kuweka kichwa kwenye mto. Tatu, simu ya mzazi ni duka lake. Msiiombe kama mnavyoomba maji ya kunywa. Nne, wenzenu wakiwa karibu hamna haja ya intaneti hata kidogo. Katika Mario Kart 8 Deluxe watu 4 wanaweza kucheza kwenye mashine moja, na mashine 8 zilizo karibu zinaweza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Hapo sauti ni bure, kwa kuwa mnasikilizana kwa masikio.

La tano ni la wadogo zetu. Sauti inayoingia sikioni mwa mtoto mzazi haioni wala haisikii. Chumba chetu kilikuwa cha ndugu, lakini vipo vyumba vingine, na mdogo wangu wa miaka tisa hujua kubonyeza kuliko mimi. Yafaa tujue kwamba katika mashine mpya ya Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, maikrofoni imewekwa ndani, na kipo kitufe cha herufi C cha kuanzishia mazungumzo bila simu. Lakini mtoto aliye chini ya miaka 16 hawezi kuyatumia mpaka mzazi aruhusu kwa programu iliyo katika simu ya mzazi. Hivyo simu bado ina kazi yake: zamani ilikuwa kinywa, na sasa imekuwa ufunguo wa mlango.

Wako watakaoniuliza, je, taabu yote hii ina faida gani? Nitawajibu kwa jambo moja. Ndugu yangu kule Brussels husema Kifaransa kutwa nzima. Siku ya kwanza alipotaka kuniambia nijihadhari na kona, alitafuta neno la Kiswahili asilipate, akanyamaza, nami nikaanguka shimoni. Tulicheka, lakini nilisikia katika kunyamaza kwake kwamba ameona haya. Sasa kila Jumamosi ananiambia, "Pinda kushoto! Punguza mwendo! Nyuma yako!" na hatafuti tena. Mara moja mama alikaa nasi, nikampa visikilizio. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, na magari yetu yote mawili yakasimama njiani mpaka tukawa wa mwisho.

Mama alipovua visikilizio akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Saa yenu moja imekwisha." Kisha akaichukua simu yake, akazima ugawaji wa intaneti yeye mwenyewe.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Buyenzi