Chokaa au Simiti?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini, mpenzi msomaji, hawakutuambia ufa wenyewe uzibwe na nini. Hapa Lamu swali hili huleta ubishi, hata nyumbani kwetu. Nyumba ya babu ni ya mawe ya matumbawe, na chokaa ya zamani imeanza kumomonyoka kwenye viungo vya ukuta wa nje. Ami anataka simiti. Babu anataka chokaa. Mimi niko upande wa babu, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, kwa hivyo hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini. Maji hayo sharti yatoke. Chokaa huyapisha, na jua likiwaka ukuta hukauka. Simiti huyafungia. Yakikosa njia kwenye kiungo hutokea kwenye jiwe lenyewe, na chumvi iliyomo hulimega kidogo kidogo. Mwisho utaona simiti imesimama na jiwe limeliwa!

Pili, kiungo kinafaa kiwe laini kuliko jiwe. Ukuta ukicheza kidogo, heri kipasuke kiungo, maana kiungo hujazwa tena. Jiwe likipasuka ndiyo basi.

Tatu, kama tunavyofundishwa katika Kemia, chokaa hurudi kuwa jiwe. Jiwe la chokaa likichomwa kwa joto la digrii 900 hivi, hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Likizimwa kwa maji huwa unga. Unga huo ukitiwa ukutani huivuta tena gesi hiyo kutoka hewani, ukawa mgumu.

Ami anasema kazi ya chokaa ni ya polepole. Ni kweli. Simiti ni nzuri kwa nyumba za matofali ya kisasa. Lakini simiti tunayotumia ilipata hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1824, na wakati huo baadhi ya nyumba za Lamu zilikuwa zimeshasimama miaka mingi kwa chokaa tupu. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wetu wa kale katika urithi wa dunia.

Sasa kazi yenyewe. Usinunue chokaa ya shambani. Hiyo ni jiwe lililosagwa tu, haishiki. Nunua iliyozimwa. Changanya kipimo 1 cha chokaa na 3 vya mchanga, usiwe mchanga wa ufuoni wenye chumvi. Fundi akwangue kiungo sentimita 2 au zaidi, arushie maji, ajaze, kisha afunike kwa magunia mabichi siku kadhaa ili chokaa isikauke ghafla ikapasuka. Ajikinge mikono na macho, kwani chokaa huunguza.

Wenzangu mnaokaa nyumba za mawe, muulizeni fundi atatumia nini kabla hajashika mwiko. Akishaziba kwa simiti, kuibandua ni kuvunja na jiwe.