Haut-Lomami: Kisale, ziwa la visiwa vinavyoelea

Reli inayotoka Kamina kwenda Lubumbashi inavuka mto Lualaba pale Bukama. Kutoka hapo, msafiri anayetafuta ziwa Kisale anaacha treni na kushika njia ya maji.

Kisale iko katika bonde la Upemba. Mafunjo yake hushikana mizizi mpaka yanakuwa visiwa vinavyoelea. Wavuvi hujenga vibanda juu yake na kukausha samaki kwa moshi. Upepo mkali unaweza kusukuma kisiwa kikahama.

Kando ya ziwa kuna Sanga, ambako watafiti walianza kuchimba makaburi ya kale mwaka 1957. Walikuta vyungu, mapambo ya shaba na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa.

Waluba wanajulikana duniani kwa viti vya wafalme vilivyochongwa na kwa lukasa, ubao wa shanga wa kukumbushia historia ya ufalme. Lakini kazi nyingi za zamani ziko katika makumbusho ya ng'ambo, kama Tervuren, Ubelgiji. Kuzifikia huko, kijana wa Kamina anahitaji viza. Kufika Kisale, anahitaji tiketi ya treni na mtumbwi.