Mcheza kwao hutunzwa. Na mcheza baleti je?

Wiki hii tuiweke kando bei ya mahindi, tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema ni la anasa, nalo ni kucheza.

Kiangazi ndio msimu wake. Huko Uluguru mavuno yakishatoka shamba, na njia za Matombo, Kinole na Mgeta zikakauka, ngoma huanza kusikika. Ni katika msimu huo huo ambapo vijana wa vikundi vya sanaa hapa Morogoro hupeana habari za matamasha na warsha, iwe Bagamoyo, Dar es Salaam au Nairobi. Na katika warsha za namna hiyo, mwalimu anayesimama mbele si lazima awe fundi wa ngoma. Huenda akawa mtu ambaye kazi yake ni kucheza densi majukwaani, aliyekuja kufundisha baleti au densi ya kisasa.

Hapo maswali huzuka. Mzazi anauliza: mtoto wangu atapata nini huko, au ni kuvaa nguo za kubana tu? Kijana anauliza: nitaweza? Na mzee wa ngoma mlimani, ambaye hakuna aliyemwalika popote, naye ana swali lake: kwani sisi hatufundishi? Maswali yote matatu ni ya haki, na yanastahili majibu.

Kwanza tuvijue vitu vyenyewe. Baleti ilizaliwa katika majumba ya watawala wa Italia, ikakulia Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis XIV, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari, alianzisha chuo cha densi mjini Paris. Ndiyo maana mpaka leo mwalimu wa baleti, awe Mrusi, Mjapani au Mkenya, huzitaja hatua zake kwa Kifaransa. Sheria yake kuu ni kwamba mguu mzima hugeuzwa kuelekea nje, kuanzia kwenye nyonga na si kwenye goti. Mgongo hunyooka, na mchezaji hujitahidi aonekane kana kwamba ardhi haimvuti. Kuna mikao mitano ya miguu, na kila hatua huanzia katika mojawapo na kuishia katika mojawapo.

Densi ya kisasa ilikuja kama uasi dhidi ya mambo hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Isadora Duncan alivua viatu akacheza peku. Mwaka 1926 mwenzake Martha Graham alianzisha kundi lake mjini New York, akafundisha kwamba mwendo huanzia kiunoni na tumboni, kwa kubana pumzi na kuiachia, na kwamba kuanguka sakafuni si aibu bali ni sehemu ya mchezo.

Sasa linganisha na ngoma zetu. Mchezaji wa ngoma hukunja magoti, huelekeza uzito wake ardhini, na mwili wake husikiliza ngoma zaidi ya moja kwa wakati mmoja: miguu inajibu ngoma kubwa, mabega yanajibu ndogo, kiuno kina mazungumzo yake. Mwalimu wa baleti anayekutana na jambo hilo kwa mara ya kwanza hupata taabu ile ile anayoipata kijana wa Mji Mpya anapoambiwa asimame kwa ncha ya kidole. Basi tusidanganyane kwamba mmoja ni mtaalamu na mwingine ni mcheza tu. Ni elimu mbili, na kila moja ina ugumu wake.

Pili, kwa nini mambo haya hufanyika kiangazi? Huko Ulaya na Marekani majumba mengi ya maonyesho hufunga msimu wake wakati wa joto, na wachezaji wa makundi makubwa huwa na nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mchezaji Ted Shawn alinunua shamba katika jimbo la Massachusetts, na vijana wake wakawa wanafanya kazi za mikono na kufanya mazoezi hapo hapo. Shamba hilo, Jacob's Pillow, likawa tamasha kubwa la densi na shule yake. Mwaka 1934, katika chuo cha Bennington, ilianzishwa shule ya kiangazi ya densi ya kisasa, ambayo ndiyo chimbuko la tamasha kubwa la densi la Marekani. Mtindo ulikuwa mmoja: wanafunzi hufundishwa na watu wale wale wanaowatazama jukwaani.

Sasa mimi nauliza, kuna ugeni gani hapo? Mluguru naye hungoja mavuno. Chakula kikiwa ghalani na mikono ikiwa imepumzika, ndipo shughuli za mwali hufanyika. Zamani msichana aliweza kukaa ndani kwa miezi mingi, akifundishwa na kinamama wenye ujuzi, na siku ya kutolewa ukoo wa mama na jirani zake walikusanyika kwa ngoma. Yule kungwi ni nani kama si mwalimu? Anajua wimbo, anajua hatua, anajua maana yake, na anajua jambo gani lifundishwe kabla ya lipi. Sherehe ya kiangazi yenye mafundi wanaofundisha vijana ni jambo ambalo milima hii inalijua tangu zamani. Kilicho kigeni ni aina ya mchezo, na cheti kinachotolewa mwishoni.

Tatu, na hili ndilo zito: kitu hiki kitatujenga au kitatumaliza?

Hofu hiyo haikuanza leo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Bungeni kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwa uchungu kwamba wasomi wa nchi hii walijua rumba, chachacha na twisti, lakini ni wachache miongoni mwao waliozijua ngoma za kwao. Hapa Morogoro maneno hayo yaliwagusa watu kweli, maana huu ulikuwa mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na rumba na chachacha tulizicheza hasa.

Lakini tazama kilichofuata. Rumba ile ya kigeni, mikononi mwa Salum na Mbaraka, iligeuka kuwa muziki wetu. Leo mtu akitaka kuisikia Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 atatafuta nyimbo hizo. Kwa upande mwingine, ngoma zenyewe zilipopelekwa jukwaani na kikundi cha taifa hazikubaki kama zilivyokuwa kijijini. Ngoma ya usiku kucha ikawa ya dakika chache. Duara likafunguka, wachezaji wakawageukia watazamaji. Sindimba ya Wamakonde na bugobogobo ya Wasukuma zikachezwa na vijana wa makabila mengine kabisa. Kwa maneno mengine, ngoma ya jukwaani unayoipigia makofi leo imekwisha kupangwa upya na walimu wa sanaa. Kilichotulinda ni kwamba tulipokea mengine na kubadilisha mengine tukijua tunachokitafuta.

Kazi hiyo ilirithiwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 baada ya vikundi vya taifa kuvunjwa. Mwaka 2007 chuo hicho kilikuwa taasisi inayojitegemea, TaSUBa. Tamasha lake la kila mwaka limewakutanisha kwa miongo kadhaa wasanii wa ndani na wageni, na kijana wa ngoma ameweza kukaa ubavuni mwa mcheza densi wa Skandinavia wakibadilishana hatua. Kwa sisi wa Morogoro, Bagamoyo si mbali, na tangu Juni 2024 treni ya umeme hutufikisha Dar es Salaam kwa muda wa kama saa mbili.

Ukitaka ushahidi kwamba mbegu hii inaweza kuota katika udongo wetu, utaupata kwa jirani zetu. Kibera, mjini Nairobi, mcheza densi Mike Wamaya alifundisha baleti katika darasa la kawaida la shule, madawati yakitolewa nje kwanza. Hakukuwa na vioo wala nguzo za kujishikia. Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa Kuwinda katika jiji hilo hilo, alisomea baleti nyumbani, na mwaka 2017 akaenda London kusoma katika shule ya English National Ballet. Huko Senegal Germaine Acogny aliongoza shule ya Mudra Afrique kuanzia mwaka 1977, akatunga mfumo wake unaounganisha ngoma za Afrika Magharibi na elimu ya densi ya Ulaya. Baadaye alijenga shule yake katika kijiji cha Toubab Dialaw, na wageni kutoka ng'ambo wakawa ndio wanaosafiri kwenda kujifunza kwake. Naye Faustin Linyekula wa Kongo, aliyeanzisha Studios Kabako mwaka 2001, aliihamishia kazi yake Kisangani, mbali na mji mkuu, akizungumza kwa densi juu ya vita na maisha ya watu wake. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeacha kuwa Mwafrika kwa sababu ya kujua kunyoosha mguu.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo mzazi na kiongozi wa kikundi lazima wayaulize kabla ya kumtoa kijana.

Ulizeni sakafu. Kurukaruka juu ya saruji kwa wiki nzima huumiza mifupa ya miguu, hasa mundi wa mguu na magoti. Wanaojua kazi hii hucheza juu ya mbao zilizoinuliwa kidogo, zenye nafasi chini, ili sakafu iinepe mtu anapotua. Mkoa wenye mafundi seremala kama huu hauwezi kushindwa kutengeneza sakafu ya namna hiyo kwa ajili ya ukumbi mmoja.

Ulizeni viatu. Vile vyenye ncha ngumu, vya kusimamia vidole, havivaliwi na mtoto anayeanza. Kwa kawaida husubiriwa mpaka umri wa miaka 11 au 12, tena baada ya miaka kadhaa ya mazoezi, mifupa na misuli ikiwa tayari. Mwalimu anayemvalisha mwanafunzi wa siku ya kwanza ili apate picha nzuri, huyo mkimbieni.

Ulizeni baada ya wiki kuna nini. Baleti huchukua miaka minane au kumi kuijua. Warsha ya siku sita haitoi mcheza baleti. Inachoweza kutoa ni namna ya kupasha mwili joto kabla ya kazi, namna ya kutua bila kuumia, namna ya kupanga mchezo, na jicho la mtu mwingine kumwona mwenye kipaji. Hayo si madogo, lakini yatapotea yote ikiwa hakuna mwalimu wa hapa hapa aliyefundishwa ili aendelee nayo.

Mwisho, ulizeni malipo. Mara nyingi mgeni hulipiwa nauli, hoteli na posho, na inafaa, kwa kuwa ni kazi. Lakini katika tamasha hilo hilo, mzee aliyeshuka kutoka mlimani na ngoma yake mabegani hupewa soda na shukrani. Anafundisha hatua zake kwa wageni, wageni wanaziandika, wanaondoka nazo, na yeye anarudi Kinole kwa miguu. Tukiruhusu hivyo, tutakuwa tumewafundisha vijana wetu, bila kusema neno, kwamba elimu ya mgeni ina bei na ya babu yao haina. Kijana akishajifunza somo hilo, ngoma itakufa, na haitakuwa imeuawa na baleti.

Pendekezo langu ni rahisi. Kila tamasha litakaloleta mwalimu wa densi kutoka nje liweke, saa kwa saa, fundi wa ngoma wa mahali hapo. Wote wawili waitwe walimu, wote wawili walipwe kwa mkataba, na kila mmoja akae katika darasa la mwenzake. Mgeni akunje magoti, mzee atazame mguu unavyogeuzwa nje, na kijana aliye katikati yao achague cha kuchukua.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi waandaaji wa matamasha, mnapopiga hesabu zenu, anzeni na tuzo ya yule anayechezea kwao.