Karanga, ndizi na tangawizi: chumvi kidogo inaokoa sukari

Kila anayetoka Goma kwenda Sake anapita Ndosho. Kando ya barabara, tangu asubuhi mpaka giza, bamama wanauza bitumbura, karanga ndani ya karatasi, ndizi za kukaanga na maji ya tangawizi ndani ya chupa. Chukudu zinapita mbele yao zikibeba magunia. Hapo ndipo tulijiuliza: karanga ile ile ambayo mkulima anauza kwa gunia, huku inauzwa kwa kijiko. Kati ya gunia na kijiko, nani anabaki na franka?

Tulikaa siku nzima na kikundi kimoja cha bamama wa Ndosho wanaopika na kuuza. Tuliwauliza kitu gani kinawasumbua. Tulifikiri watasema makala. Walisema: "Sukari! Sukari njo inakula faida yetu."

Jibu lilikuwa hapo hapo karibu na mbabula, ndani ya kikopo cha chumvi. Chumvi kidogo inapunguza uchungu na ukali wa chakula, na ulimi unasikia utamu zaidi. Jaribuni nyumbani. Gawanyeni maji ya tangawizi yenye sukari kidogo ndani ya vikombe viwili. Kimoja tieni chumvi ya kushika kwa vidole viwili tu, halafu onjeni. Kile chenye chumvi kitaonekana kitamu zaidi, na sukari ni ile ile. Lakini ni kidogo tu! Ukisikia chumvi yenyewe mdomoni, umeshapitisha.

Karanga za chumvi na sukari

Chukueni vikombe 4 vya karanga mbichi zilizotolewa maganda ya nje, kikombe 1 na nusu cha sukari, kikombe 1 cha maji na vijiko vidogo 2 vya chumvi, visijae kupita ukingo.

Tieni sufuriani karanga, sukari, maji na kijiko 1 cha chumvi. Pikeni juu ya moto wa kadiri mukikoroga. Maji yatakauka na sukari itageuka kama mchanga mweupe juu ya karanga. Wengi wanashtuka hapo na kusema imeharibika. Haijaharibika. Punguzeni makala, endeleeni kukoroga bila kuacha, mpaka ule mchanga uanze kuyeyuka tena na kuwa wa rangi ya kahawia. Nyunyizeni chumvi iliyobaki, mumwage karanga juu ya sinia kavu na kuzitenganisha kwa kijiko. Musiguse kwa mkono, sukari ya moto inaunguza kuliko maji. Zikipoa kabisa, zifungeni. Zikifungwa zingali na joto, zinatoa maji na kulegea.

Ndizi ya kukaanga

Ndizi ya kupika ikiwa bado kijani, ikatwe nyembamba sana, ilowe dakika 10 ndani ya maji ya chumvi, ikaushwe kwa kitambaa safi ndipo iingie kwenye mafuta ya moto. Hiyo inakuwa ngumu na inakaa siku kadhaa ikifungwa vizuri. Ile iliyoanza kugeuka njano ina sukari yake yenyewe: haihitaji kuongezewa, chumvi kidogo tu juu inatosha. Lakini hiyo ni laini, iuzwe siku ile ile.

Maji ya tangawizi

Kwa litre 3 za maji: robo kilo ya tangawizi, kikombe 1 cha sukari, ndimu 4 na robo ya kijiko kidogo cha chumvi. Chemsheni maji mpaka yatokote vizuri. Tieni tangawizi iliyooshwa na kutwangwa, funikeni nusu saa, chujeni kwa kitambaa safi. Tieni sukari na chumvi. Yakipoa, kamueni ndimu. Muuze siku ile ile. Chupa ikikaa kwenye joto, maji yanaanza kuchacha, na kifuniko kinaweza kuruka.

Rundo dogo lililoleta maneno

Kabla ya kupika, bamama walimwaga karanga juu ya shitingi na kuchagua. Zile zilizokunjamana, zenye rangi nyeusi au ukungu wa kijani waliziweka pembeni. Rundo likakua. Mama mmoja akaliangalia, akasema: "Sasa hizi tunatupa? Ni franka hizi! Tuchanganye, sukari itafunika."

Wote wakanyamaza kidogo. Kila mmoja alijua bei aliyolipa. Lakini ukweli uko hivi: ukungu wa karanga unaweza kuacha sumu inayoitwa aflatoksini. Inaharibu maini, na moto wa jikoni hauimalizi. Sukari inafunika ladha, haifuniki sumu. Na kuku au ng'ombe wasipewe pia, maana sumu inawadhuru, nayo inaweza kupita kwenye maziwa. Rundo lile lilichimbiwa shimo.

Mama yule akatugeukia: "Basi muende mukaambie wale wa shamba." Ndiyo sababu tunaandika. Karanga haiharibikii Ndosho peke yake, mara nyingi inaanza kuharibika siku ya mavuno. Vuneni kwa wakati, musiache ikae udongoni ikisubiri. Anikeni juu ya shitingi au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Mvua ikikaribia, funikeni. Tikiseni karanga karibu na sikio: ikicheza ndani ya ganda, imekauka, ikinyamaza, rudisheni kwenye jua. Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Na kooperative iweke bei mbili: karanga iliyochaguliwa isilipwe sawa na ile ya kuchanganya. Mtu akilipwa sawa, kwa nini ajisumbue kuchagua?

Hesabu ya sufuria moja

Tufanye mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu, wekeni za soko lenu. Karanga franka 3.000, sukari 1.500, makala 1.000, karatasi, chumvi na maji 500. Jumla 6.000. Sufuria ikitoa pakiti 40 za franka 200, ni 8.000. Zinabaki 2.000, na hapo kazi ya mikono bado haijalipwa.

Sasa angalieni mkopo. Pakiti 5 tu za "nitakulipa kesho" ni franka 1.000, yaani nusu ya kilichobaki. Mama mmoja alicheka kwa uchungu: "Karanga imeisha, kesho haikuye!" Kikundi kimekubaliana: hakuna mkopo, hata kwa shemeji. Sababu wanasema ni "sheria ya kikundi", ili mtu asigombane na jirani.

Na barabara zikifungwa, gunia halipiti, karanga inapanda bei ghafla. Kikundi chenye akiba ya gunia moja kavu kinaendelea kupika. Kisichokuwa nayo kinakaa.

Maji, tena maji

Goma haina chemchemi za kutosha, maana mvua inapenya ndani ya mawe ya volkano. Watu wengi wanachota ziwani na kubeba bidoni mpaka juu. Kipindupindu tunakijua hapa: Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi, na mpaka leo kinarudi. Kwa hiyo maji ya kuuza lazima yachemshwe, chupa ziloshwe na kuchemshiwa maji pia, mikono ioshwe kwa sabuni. Kinywaji kimoja kichafu kinaweza kufunga biashara ya bamama wote wa barabara ile.

Kuna kinywaji kingine cha chumvi na sukari ambacho hakiuzwi. Mtoto au mtu mzima akiharisha, na dawa ya pakiti ya kuongeza maji mwilini haipo, chukueni litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijae kupita ukingo. Onjeni: yasipite chumvi ya machozi. Yakipita, mwageni na muanze upya, maana chumvi nyingi inamdhuru mgonjwa. Mupeni kidogo kidogo, mara nyingi, na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Wakati huo huo pelekeni mgonjwa kituo cha afya, musisubiri asubuhi.

Tulipoaga Ndosho, mama yule wa rundo alitufungia pakiti mbili za karanga. Tulitaka kuzipokea kama zawadi. Akanyoosha mkono: "Franka 400. Sheria ya kikundi." Tulilipa, na tulizimaliza kabla ya kufika mjini.