Kasi ya Siku Kambini

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara, Tanzania, kwa muda wa takriban saa 24, wakapiga kambi Benaco, na mbio hizo zilipokoma ndipo ulipoanza ugeni wa aina nyingine, yaani kuishi bila haraka yoyote. Mkulima aliyezoea kudamka kuwahi palizi alijikuta hana shamba. Riziki yake sasa ilitegemea mgao, yaani chakula cha msaada kinachotolewa kwa zamu, hasa mahindi, maharage na mafuta, alichokipata kwa kuonyesha kadi na kupanga foleni. Nako Lukole, kambi ya Warundi wilayani humo, wakimbizi walitakiwa wasivuke kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, amri ambayo, pengine kuliko uchache wa mgao, iliwaelemea vijana. Hata hivyo si wote waliokaa bure: wapo waliofungua magenge, vibanda vya kinyozi na vilabu vya pombe, na wapo waliotoka kwa kificho kwenda kufanya kibarua cha kulima kwa wenyeji, ambako ujira, ingawa mdogo, ulikuja pamoja na ratiba ya kazi waliyoizoea tangu kwao.