Jengo la Ibada Nalo Lina Sarufi Yake

Kila unapokaribia mwezi wa Juni, wapo waumini wa magharibi mwa Kenya wanaofunga safari ya hija kwenda Namugongo, Uganda. Baadhi yao hutembea kwa miguu kwa siku kadhaa, ili tarehe 3 iwakute mahali alipochomwa moto Karoli Lwanga mwaka 1886. Hapa Kakamega niliwahi kumwuliza mwanafunzi wangu aliyetoka huko, kanisa lile limejengwaje. Alifikiri kidogo, kisha akajibu: "Ni kubwa, mwalimu, tena ni zuri."

Jibu hilo lilinisikitisha, ingawa simlaumu kijana. Tumemfundisha kusoma vitabu. Kusoma majengo hatukumfundisha.

Mimi ni mtu wa lugha, hivyo msomaji aniwie radhi nikianzia huko. Neno kanisa tulilipata kwa Waarabu, na neno padri kwa Wareno. Msalaba nao una asili ya Kiarabu. Hata hivyo, Mswahili hakuyaacha maneno hayo yakae barazani kama wageni. Aliyapa ngeli, na leo twasema makanisa na misalaba bila kukumbuka kwamba yalikuja na jahazi. Jengo nalo laweza kupokewa vivyo hivyo, likatii sarufi ya mahali lilipofikia.

Tutazame Namugongo. Kanisa lile, lililotabarukiwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Mswisi, Justus Dahinden. Hakutuletea minara ya kwao. Alichukua umbo la nyumba ya msonge ya Waganda, akalikuza, akalizungushia nguzo 22 za shaba. Idadi hiyo haikuja kwa bahati: mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964 ni 22. Hivyo hata hujaji asiyejua herufi moja aweza kuisoma historia kwa kuhesabu nguzo.

Unguja nako, Kanisa la Kristo la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa la hapo lilipofungwa. Msimamizi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Altare iliwekwa penye kumbukumbu ya mti waliofungwa watumwa wakichapwa viboko. Humo mna msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Mna pia nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporejea akaziacha. Mimi huziheshimu sana nguzo hizo, maana ndizo zinazotukumbusha kwamba kanisa lile lilijengwa kwa mikono ya watu, wala si kwa amri ya askofu peke yake.

Sasa turudi nyumbani. Wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni ya Mukumu mwaka 1906, na madhehebu mengine nayo yalijenga katika nchi hii ya Waluhya. Je, tumeyatunza majengo hayo? Kanisa nililobatizwa mimi halipo tena. Lilibomolewa ili pajengwe lililo kubwa zaidi. Mlango wake wa mbao, uliochongwa mizabibu na fundi wa kijijini, nilikuja kuuona umetandikwa juu ya mtaro ukawa daraja la mbuzi. Niliuliza jina la fundi huyo. Mzee wa mwisho aliyelijua alikuwa amekwisha kuzikwa.

Wako watakaonijibu kwamba waumini wameongezeka, mapaa yanavuja, na fedha ni haba. Hoja hizo ni za kweli. Sisemi tusijenge. Nasema tusibomoe kabla ya kupima, kupiga picha na kuandika majina. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twauangusha ukuta mzima bila kujua aliyeujenga.

Walimu wenzangu, kazi hii yaanza darasani. Badala ya insha ileile ya kila mwaka kuhusu siku nisiyoisahau, wapelekeni wanafunzi kwenye kanisa kongwe lililo karibu na shule. Wapime kuta zake, wachore madirisha, waulize matofali yalifinyangwa wapi na nani aliyachoma. Wawaendee wazee wangali hai. Kisha nakala moja ya insha hizo ibaki katika maktaba ya shule.

Na kijana atakayekwenda Namugongo mwaka ujao, nitamwuliza swali lilelile.