Land Rover au Land Cruiser ya zamani: Lipi litamlipa mkulima?

Mkulima au mfanyabiashara mdogo anayetafuta gari la kazi kwa fedha kidogo mara nyingi hukutana na magari mawili ya zamani. La kwanza ni Land Rover Series III ya Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. La pili ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, ambayo Japani iliitengeneza kuanzia 1960 hadi 1984.

Yote mawili yana springi ngumu, gia nzito ya kupandia milima na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Hata hivyo, gharama ya kuyaendesha haifanani, na mwenye mtaji mdogo akikosea kuchagua gari litammalizia mtaji huo.

Nguvu ya injini

Hapa Toyota iko mbele. Injini ya kawaida ya petroli ya Series III ina silinda nne, ujazo wa cc 2,286 na nguvu za farasi zipatazo 70. Land Cruiser ya petroli iliyotoka kuanzia 1975 ina silinda sita, cc 4,230 na nguvu za farasi zipatazo 135.

Kwa upande wa dizeli, Land Rover ina ujazo uleule wa cc 2,286 na nguvu za farasi 62. Dizeli ya Toyota ya silinda nne, yenye cc 2,977, hufikia nguvu za farasi 80 hivi.

Tofauti hiyo huonekana mlimani gari likiwa na mzigo. Dereva wa Land Rover hulazimika kurudi gia ya chini mapema, wakati mwenzake wa Land Cruiser bado anavuta. Shambani kwenye tope, ambako mwendo ni wa polepole, tofauti hiyo hupungua sana.

Mafuta

Nguvu ya Toyota ya petroli ina gharama yake. Tuchukue mfano wa gari linalokwenda kilomita 6 kwa lita na lingine linalokwenda kilomita 4. Kwa safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 60, la kwanza litatumia lita 10 na la pili lita 15. Ukienda sokoni mara mbili kwa wiki, tofauti ni lita 520 kwa mwaka. Zizidishe kwa bei ya mafuta ya kwenu kabla ya kununua.

Kutu na matengenezo

Sehemu kubwa ya bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, hivyo haioti kutu kama chuma. Lakini shasi yake ni chuma, na huoza kutokea ndani bila kuonekana kwa nje. Land Cruiser ina bodi ya chuma, hivyo kutu huanzia chini ya milango, kwenye sakafu na pembe za nyuma.

Land Rover huvuja oili na huhitaji fundi mara kwa mara, ingawa kazi nyingi hufanyika kwa spana za kawaida. Anayependa Series III atafute iliyotengenezwa baada ya 1980, kwani injini zake ziliongezewa beringi za kreki shafti kutoka tatu hadi tano, na hudumu zaidi.

Uamuzi

Mwenye shamba la karibu na safari fupi atafaidika na Land Rover. Anayesafirisha mizigo mbali kila siku achague Land Cruiser ya dizeli. Ile ya petroli inamfaa mwenye mzigo unaolipa vizuri.

Kabla ya kutoa fedha, nenda na fundi wako mwenyewe. Aingie chini ya gari na kugonga shasi kwa nyundo ndogo akisikiliza palipooza. Kisha linganisha namba ya shasi na iliyo kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana, achana na biashara hiyo.